Andika Sufuri

Kila mwaka, kati ya Januari na tarehe 30 Juni, Mkenya yeyote mwenye nambari ya PIN ya ushuru hutakiwa kuijibu serikali swali moja: mwaka uliopita ulipata nini? Jibu hilo huitwa ritani. Najua matangazo ya redio husema "taarifa ya mapato", lakini sijawahi kumsikia mtu akiingia saiba na kusema amekuja kuwasilisha taarifa ya mapato. Watu husema, "Nimekuja kufailiwa." Kitenzi hicho kina mambo, nami nitakirudia.

Swali lenyewe si la kawaida kama linavyoonekana. Waingereza walipoanza kutoza ushuru wa vibanda mwaka 1901 hawakuwa na haja ya kumuuliza mtu chochote. Mtozaji alifika kijijini akahesabu mapaa. Ushuru wa mapato hauwezi kutozwa hivyo. Aliyeshona, aliyeuza, aliyekodisha chumba, ndiye anayejua mwaka wake ulikwendaje, kwa hiyo sheria humtaka ajipime mwenyewe kisha atamke. Serikali yenye polisi na mahakama inamwomba mwananchi neno lake, na kwa kiasi kikubwa inalazimika kuliamini. Ninasoma uzamili wa falsafa, na katika mambo yote ambayo dola hufanya, hili ndilo linalonishangaza zaidi.

Kulitoa neno hilo kumerahisishwa mno. Mfumo wa iTax ulipoingia, zaidi ya miaka kumi iliyopita, fomu za karatasi zilikufa. Leo mtu ambaye hakupata kitu anaweza kulisema hilo kwa simu akiwa ndani ya matatu. Siku za mwisho wa Juni Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, hurefusha saa za kazi katika vituo vyake, na kuna maafisa kwenye vituo vya Huduma wa kumshika mtu mkono. Sibezi hata kidogo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hulazimika kuchukua PIN ili aombe mkopo wa HELB, kwa hiyo anaingia kwenye daftari la walipa ushuru kabla hajawahi kushika mshahara. Asipowasilisha ritani kwa wakati, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Na kwa asiye na kitu, iliyo kubwa ni hiyo Sh2,000. Kwake yeye, ritani ya sufuri inayomalizika kwa dakika mbili ni rehema. Tena ni kweli tupu.

Mimi nina shida na sufuri nyingine.

Juni 2025, chuo kikiwa likizo, nilifanya kazi kwa wiki tatu katika saiba moja mjini Mtwapa. Ukutani palikuwa na karatasi ya bei: kupiga chapa, kutoa nakala, picha za pasipoti, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, "Ritani sufuri 100. Ritani kamili 500." Bei hizo hazikuwa za kuonea mtu. Ritani ya sufuri ni kuingia, kuchagua mwaka, kubofya, kuthibitisha, na kuchapisha risiti. Ritani kamili ya mtu mwenye biashara ni kupakua jedwali la Ekseli lenye kurasa nyingi, kulijaza, kulihakiki, kisha likikubali linazaa faili jingine ambalo ndilo unalopakia. Likikataa linakueleza sababu kwa Kiingereza cha wahasibu. Walioajiriwa wana afadhali, kwani mwajiri ameshapeleka taarifa zao, wana fomu yao ya P9, na sehemu kubwa hujijaza yenyewe. Anayehangaika ni yule ambaye hakuna mtu aliyeandika kitu kwa niaba yake.

Siku nne kabla ya makataa alikuja mama mmoja fundi cherehani, mwenye kibanda karibu na steji.

"Mwanangu, niandikie sufuri nikimbie, nimeacha kibanda wazi."

Nikamwomba PIN na nywila. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nywila alitengenezewa na mhudumu wa saiba nyingine miaka kadhaa nyuma, na ilikuwa jina la mhudumu huyo na tarakimu tatu. Nilipoingia nikaona ritani zake za mwaka 2021, 2022 na 2023, zote sufuri. Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza mazoea ya kuwasomea watu kwa Kiswahili kile ninachokaribia kubofya, nikamwambia, "Mama, hapa nitakuwa nimesema kwa jina lako kwamba mwaka mzima wa 2024 hukupata hata shilingi moja."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania marehemu.

"Nani kasema? Mimi nisipate hata shilingi? Watoto watatu wamesomeshwa na ile cherehani!"

"Ndiyo maana ya sufuri, mama."

"Mimi nilidhani maana yake sidaiwi."

Basi tukaketi. Hakuwa na vitabu vya hesabu, alikuwa na daftari la madeni, simu, na kumbukumbu ambayo ingemwaibisha karani wa benki. Fomu huuliza kuanzia Januari hadi Desemba. Yeye alihesabu kwa sare za shule, kisha Shaabani hadi usiku wa kuamkia Idi, kisha kiangazi cha kazi, kisha harusi za mwisho wa mwaka. Ilibidi nimfuate kwenye kalenda yake halafu nirudi na tarakimu kwenye ile ya serikali. Mapato yalifika kama Sh372,000. Kodi ya kibanda Sh5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Nyuzi, zipu, bitana na vifungo, 64,000. Umeme na kutengeneza mashine, 24,000. Faida: Sh224,000. Asilimia 10 ya hizo ni 22,400, na kila mkazi ana nafuu ya Sh28,800 kwa mwaka inayopunguzwa kwenye ushuru wake. Jedwali likakubali. Ushuru wa kulipa: sufuri.

Ilituchukua saa moja na dakika arobaini. Akaiangalia ile skrini, akaniangalia mimi.

"Basi si ni ile ile? Sufuri na sufuri. Tofauti yake nini?"

Mwenye saiba, aliyekuwa muda wote akijifanya anarekebisha printa, akacheka kwa sauti.

Nilimpa mama jibu la haraka, kitu kuhusu kumbukumbu na mkopo wa benki, jibu la kumwezesha mtu arudi kibandani. Insha hii ndiyo jibu refu.

Nianze na kinachoonekana. Kwa hesabu ya pesa, hakuna tofauti. Hakuna aliyeibiwa kwa zile sufuri tatu za mwanzo, maana kwa jinsi alivyonisimulia miaka yake, hata angesema kweli asingedaiwa. Ni uongo usio na faida kwa msemaji wala hasara kwa hazina. Ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza swali hili kwenye mtihani ataandika kwamba uongo wa aina hiyo ni mdogo, na labda atapata alama nzuri.

Ila kuna maneno ambayo hayaelezi jambo tu, yanalitenda. J. L. Austin alilifafanua hili katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, baada ya kifo chake, na tangu hapo wanafalsafa wanamtaja yeye. Pwani hatukumhitaji sana. Kila mtu hapa anajua kwamba talaka ni neno, na likishatoka mtu haulizi kama lilikuwa sahihi, anauliza limefanya nini. Ritani ni neno la namna hiyo. Unapobofya kitufe cha mwisho hutoi habari kama anayesema leo kuna joto. Unajifunga kwa tamko, na Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inakuhesabia kwalo. Austin alisisitiza pia kwamba tendo la namna hii lina masharti yake: msemaji awe ndiye, mahali pawe ndipo, na jambo liwe limeeleweka. Hakimu aliyelala usingizini akisema "nakuhukumu" hajahukumu mtu.

Sasa, yule mama alisema nini miaka ile mitatu? Nimelifikiria sana, na naona hakusema kitu. Zile sufuri hazikuwa uongo wake kwa sababu hazikuwa maneno yake. Mtu mwingine, aliyefungua mlango kwa nywila yenye jina lake mwenyewe, aliijibu serikali kwa niaba ya mama aliyedhani anajibu swali lingine. Yeye alikuwa akisema "sidaiwi", mashine ikaandika "sikupata". Na risiti ikatoka, yenye nambari na tarehe, ikakunjwa ikawekwa kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Kuna njia rahisi ya kulimaliza jambo hili, nayo ni kumhurumia. Maskini, hajui Kiingereza, hajui kompyuta. Siipendi. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wetu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alizunguka vijijini akiwahoji wazee, wengi wao hawakwenda shule, akasisitiza kwamba miongoni mwao wamo watu wanaofikiri kwa kina na kwa uhuru, na kwamba kutojua kusoma si kutofikiri. Mama yule alijua gharama ya zipu kwa dazani tangu mwaka gani ipande. Alijua mwezi ambao hakupata faida na kwa nini. Hakukosa ujuzi wa kujibu. Alikosa mtu wa kumuuliza. Miaka mitatu mfululizo alifika mbele ya swali, na kila mara swali likamezwa na msaada.

Nikisema hivi mwenye saiba ananishika koo, na ana haki. Yeye si mtu mbaya. Siku hizo za mwisho foleni yetu ilifika nje, juani. "Wewe kaa ufundishe falsafa," aliniambia, "mimi kuna watu hapa watapigwa faini ya elfu mbili kwa sababu yako." Na hesabu yake ni sahihi. Saa moja na dakika arobaini ni ritani za sufuri hamsini. Watu hamsini waliookolewa Sh2,000 kila mmoja dhidi ya mama mmoja ambaye, kwa pesa, hakuokolewa kitu. Kama wema unapimwa kwa madhara uliyoyazuia, basi yeye kwa siku moja alikuwa mwema kuliko mimi kwa wiki tatu. Sina jibu la kuuvunja ubishi huo. Ninachoweza kusema ni kwamba yeye hakuiweka faini, wala hakuzijenga njia mbili zenye urefu tofauti. Amekuta njia ya uongo ina lami na ya kweli ina mashimo, akafungua biashara ya bodaboda. Tukitaka kugawa lawama, fungu kubwa liende kwa aliyechora barabara.

Siku iliyofuata, mzee mmoja aliyevaa vizuri alikaa kwenye kiti kile kile. "Andika sufuri, kijana." Nilimsomea kwa Kiswahili kama nilivyomsomea mama. Akatabasamu. Alikuwa na vyumba vya kupangisha. Alinitajia mwenyewe, bila kuulizwa, idadi ya milango, kwa fahari. Nilihesabu kimya kimya. Kodi ya nyumba ikifika Sh288,000 kwa mwaka na isizidi Sh15 milioni, mwenye nyumba hutozwa asilimia 7.5 ya kodi hiyo tangu Januari 2024, tena kila mwezi. Milango yake ilivuka kiwango hicho kabla ya kufika nusu. Nikamwambia sufuri siwezi, labda tujaze ya kodi.

"Nijaze nilipe, halafu ziende wapi? Wewe si kijana? Si mliandamana?"

Akanyanyuka taratibu akaenda saiba ya jirani. Mwenye saiba wangu alipoteza Sh100 na hakuniambia kitu, jambo ambalo lilinichoma kuliko angenigombeza.

Watu wawili, kitufe kimoja, tarakimu moja. Kwenye kompyuta ya serikali hakuna namna ya kumtofautisha fundi ambaye hakuulizwa na mzee ambaye aliulizwa na akaelewa. Hapa ndipo naona hasara ya ile sufuri "isiyomdhuru mtu". Inampa mzee kichaka cha kujificha, na inamwekea mama sifa ya mzee. Wakubwa wanapolalamika kwamba ushuru unabebwa na wachache na kwamba lazima wigo upanuliwe, wanatazama wingi wa sufuri. Ndani ya wingi huo yumo fundi anayelipa VAT, ule ushuru wa asilimia 16, kila anaponunua dazani ya zipu, na ushuru mwingine ndani ya nauli kila anapopanda matatu. Analipa kila siku na amesajiliwa kama asiyekuwepo. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Sijui utagawaje mzigo kwa haki kati ya watu ambao nusu yao umewaandika kuwa hawana mabega.

Lakini kuonekana nako kuna bei. Mama aliniuliza, kabla sijapakia lile faili, "Wakishaniona hawatanifuata?" Lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi niliyosikia darasani. Mwaka 2023 ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo ulipandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa mkupuo. Yeye hakufika kiwango cha kutozwa huo, ambacho ni mauzo ya Sh1 milioni kwa mwaka, ila angeniamini vipi nikimwambia mstari hautasogezwa? Sikumwahidi. Nilimwambia mstari uko wapi leo, na yeye yuko wapi. Akafikiri kidogo akasema, "Haya, tuma."

Na swali la mzee, je? Si la kupuuzwa kwa sababu tu lilitoka kinywani mwa mtu anayejinufaisha nalo. Juni 2024 kizazi changu kiliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Ulikuwa umebeba mapendekezo ya VAT kwenye mkate na ushuru wa kila mwaka kwa magari. Hayo yaliondolewa, na bado watu hawakurudi nyumbani. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge, vijana wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Tulikuwa tukisema kwamba ushuru bila uwajibikaji ni unyang'anyi. Je, mzee hakuwa akisema hilo hilo, kwa njia yake?

Naona hapana. Mwaka 1922, Harry Thuku, aliyekuwa mpokeaji simu katika idara ya hazina ya serikali ya kikoloni, alikamatwa kwa kuwakusanya watu dhidi ya ushuru uliopandishwa, kipande na kazi za kulazimishwa. Tarehe 16 Machi umati uliokuja kumdai mbele ya kituo cha polisi Nairobi ulimiminiwa risasi. Wale wa 1922 na wale wa 2024 walikataa kwa sauti. Walisema "hapana" kwa mtu aliyeweza kuwasikia, wakasimama mahali ambapo wangeweza kuonekana, na wengine hawakurudi. Kukataa nako ni tamko. Mzee hakukataa. Alisema "ndiyo, nimetii", akapata risiti ya utiifu, akaenda kukusanya kodi yake. Kama angekuwa amekuja saiba kuandika barua ya kueleza kwa nini halipi, ningempigia chapa bure.

Labda nimemhukumu kwa haraka. Mtu mwenye umri wake ameona bajeti nyingi kuliko mimi. Lakini neno aliloliomba lilikuwa neno la watu ambao hawakupata kitu, naye aliwatoza watu hao hao kodi kila tarehe tano.

Nirudi kwenye kufailiwa. Mtu husema "nimenyolewa", "nimeshonewa", "nimeandikiwa barua", na hakuna ubaya. Si lazima kila mtu ajue kunyoa. Ila hakuna anayesema "nimeapiwa". Kiapo hakina fundi. Ukiniuliza uboreshaji wa huduma za ushuru upimwe kwa nini, nitasema usipimwe kwa dakika peke yake. Dakika ni kipimo kizuri cha foleni. Hakikuambii kama aliyetoka mlangoni anajua alichokisema.

Kuna mambo ya wazi kabisa ambayo hayahitaji falsafa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Tunakumbushwa makataa kwa Kiswahili kila Juni, tena Kiswahili kizuri cha matangazo. Halafu jedwali ambalo mtu anajifunga kwalo limeandikwa kwa Kiingereza. Ningelipindua hilo kesho. Jedwali la biashara ndogo lingeweza kuwa maswali sita kwenye simu: unafanya kazi gani, uliuza kiasi gani, uliponunua vifaa ulitumia kiasi gani, kibanda kodi ngapi. Na kabla ya kitufe cha sufuri pangekuwa na sentensi moja tu: "Kwa kubofya hapa unasema kwamba hukupata pesa yoyote mwaka mzima. Kama ulipata lakini hudaiwi, bofya pale." Yule mama angebofya pale.

Marekani wana mpango uitwao VITA, ambapo watu wa kujitolea waliofunzwa na kutahiniwa huwasaidia wenye kipato kidogo kuwasilisha ritani bila malipo, chini ya IRS, mamlaka ya ushuru ya huko. Sina hamu ya kuiga kila kitu cha Marekani, lakini utaratibu wao umenivutia kwa jambo moja: msaada huanza na mahojiano. Kabla ya tarakimu kuingia popote, mtu huulizwa kuhusu mwaka wake, na kabla ya ritani kutumwa mtu wa pili huipitia. Ni polepole. Nadhani polepole yao imewekwa mahali panapostahili.

Wengine wataniambia haya yote yanapitwa na wakati, kwamba karibuni mashine itajua yenyewe. Ankara zinapita eTIMS tangu 2023, mishahara inajulikana, na siku moja utafungua simu ukute ritani imeshajazwa, imebaki kukubali tu. Kwa mzee wa milango, siku hiyo ije upesi. Kwa wengine nina wasiwasi. Fundi wangu ni mweka hazina wa chama cha wanawake ishirini, na michango yao yote hupita kwenye simu yake kabla ya kumfikia mwenye zamu. Mashine inayosoma simu bila kuuliza itamwona tajiri. Hapo kazi yake haitakuwa tena kusema alichopata, itakuwa kukana alichodaiwa kupata, na kukana mbele ya mashine, kwa lugha ya pili, siku ya mwisho ya Juni, ni kazi ngumu zaidi kuliko Ekseli yoyote. Atahitaji mtu wa kukaa naye. Na kama mtu huyo naye analipwa kwa idadi ya vitufe anavyobofya kwa saa, tutakuwa tumeondoa karatasi mara mbili na kubaki pale pale.

Mwenye saiba amenipigia simu wiki jana. Anataka nirudi Juni, na amekubali tuweke meza ya pili pembeni, karibu na dirisha, kwa wenye biashara ndogo. Bei tumevutana hadi 250. Masharti yake ni mawili: waje kabla ya tarehe 15, na kila mtu aje na daftari lake, hata kama ni la madeni. Nimeanza kuandika maswali ya meza hiyo kwa Kiswahili kwenye karatasi moja. Nimeyapanga kwa misimu badala ya miezi, na kwenye mstari wa nywila nimeacha nafasi tupu ili mtu achague yake mwenyewe.